Kipindupindu Mtaani: Je, Mazoezi Yaendelee?

Saa kumi na nusu jioni. Jua limeanza kupoa na wewe umeshafunga kamba za viatu. Fainali ya kata ni Jumamosi ijayo. Mara gari la matangazo linapita taratibu pembeni mwa uwanja: "Wananchi mnatangaziwa kwamba katika kata yetu kumetokea ugonjwa wa kipindupindu..."

Mpira unasimama. Kila mtu ana lake la kusema. Mmoja anasema, "Basi tena, tukae nyumbani mpaka ugonjwa uishe." Wa pili anacheka: "Acheni woga bwana! Sisi wanamichezo damu zetu zina nguvu." Wa tatu anauangalia mpira kama vile ni nyoka. Eti hataugusa tena, kwa sababu unazunguka kwenye vumbi.

Je, wewe ungekuwa upande wa nani?

Ukweli ni kwamba wote watatu wamekosea kidogo. Kipindupindu si ugonjwa wa kuufanyia mzaha, maana unaweza kumuua kijana mwenye nguvu zake ndani ya saa chache. Lakini pia si ugonjwa unaorukia watu ovyo kama upepo. Una njia yake. Ukiijua njia hiyo unaweza kuiziba, hata pale uwanjani kwenu.

Njia ni moja tu: mdomo

Kipindupindu huletwa na vimelea vidogo sana aina ya bakteria. Vimelea hivi huishi katika utumbo wa mtu aliyeambukizwa na kutoka pamoja na kinyesi au matapishi yake. Ili wewe uugue, ni lazima vimelea hivyo viingie mdomoni mwako. Vinaweza kupita kwenye maji, kwenye chakula, kwenye chombo au kwenye mikono yako mwenyewe. Ni kweli haipendezi kusikia, lakini tuseme wazi: kupata kipindupindu ni kula au kunywa kinyesi cha mtu mwingine bila kujua.

Kwa hiyo hupati kipindupindu kwa kupumua hewa moja na mwenzako. Hukipati kwa jasho lake mnapogombea mpira wa kichwa, wala kwa kukaa naye benchi moja.

Njia hii haikujulikana siku zote. Mwaka 1854 watu zaidi ya 500 walikufa kwa kipindupindu ndani ya siku kama kumi hivi katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Wengi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, hakukubali. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: mlikuwa mnachota maji wapi? Akagundua kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja ya barabara ya Broad. Akawashawishi wakuu wa eneo lile waung'oe mpini wa pampu ile, watu wasiweze kuchota tena.

Sasa jiulize: kwenye timu yenu, pampu hiyo ni ipi?

Kikombe kimoja, wachezaji kumi na wanane

Fikiria mapumziko ya mazoezi yenu. Kuna ndoo ya maji chini ya mti. Juu ya ndoo kuna kikombe kimoja cha plastiki. Mchezaji wa kwanza anachovya kikombe, na vidole vyake vinaingia ndani ya maji. Anakunywa, anampa wa pili. Wa pili naye anachovya. Mpaka wa kumi na nane anapopata zamu yake, ndoo ile imeshaoga vidole vya timu nzima.

Hapo ndipo kipindupindu kinapofunga goli. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa sababu watu wengi walioambukizwa hawaumwi kabisa, au huharisha kidogo tu na kupona. Hata hivyo wanaweza kutoa vimelea katika kinyesi chao kwa muda wa siku moja hadi kumi. Huyo beki wenu anayekimbia kama swala anaweza kuwa navyo, na hata yeye hajui. Hata wewe pia.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi:

Kila mchezaji awe na chupa yake. Chupa ya plastiki ya lita moja inatosha. Ioshe vizuri, uandike namba ya jezi yako kwa kalamu ya wino mzito. Hakuna kuazimana, hata na rafiki yako wa damu.

Maji yawe salama. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, halafu yaache yapoe katika chombo chenye mfuniko. Au tumia dawa ya klorini ya kutibu maji. Fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti au chupa, koroga, kisha subiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi.

Ndoo iwe na koki. Kama haina, tumia dumu lenye mdomo mwembamba, mtu mmoja mwenye mikono safi awamiminie wenzake. Asiwepo wa kuchovya. Piga hesabu: wachezaji 18, kila mmoja lita moja, ni lita 18. Dumu moja la lita 20 linatosha timu nzima. Mnaweza kupeana zamu ya kuchemsha na kubeba.

Msikubali kunyimwa maji kwa kisingizio cha ugonjwa. Anayefanya mazoezi ya nguvu kwenye joto anaweza kupoteza nusu lita hadi lita moja ya jasho kwa saa, na wengine zaidi. Kukaa na kiu si kinga.

Machungwa ya hafutaimu na mate ya kipa

Maji peke yake hayatoshi. Hebu kagua uwanja wenu kama vile wewe ni mpelelezi.

Machungwa. Nani huyamenya? Ameosha mikono na kisu? Yanakaa wapi? Tunda lililomenywa na kukatwa mapema, likakaa wazi na kutuliwa na nzi, si salama wakati wa mlipuko. Afadhali kila mtu apewe chungwa zima au ndizi mbivu, aoshe mikono, amenye mwenyewe. Juisi ya miwa, barafu na vinywaji vya kufunga kwenye mifuko viacheni kwanza, kwa sababu hamjui maji yake yametoka wapi. Baridi ya barafu haiui vimelea hivi.

Mpira ulioingia mtaroni. Tumesema mpira wenyewe hauleti kipindupindu. Lakini mpira uliotoka kwenye mtaro wa maji machafu umebeba uchafu wa mtaro, na uchafu huo unahamia mikononi. Uosheni kwa maji na sabuni kabla ya kuendelea, na aliyeufuata anawe mikono.

Glavu za kipa. Makipa wengi wana tabia ya kutemea mate glavu ili zishike vizuri, au kuvuta kamba za glavu kwa meno. Mkono ulioshika mpira uliotoka mtaroni unakwenda moja kwa moja mdomoni! Kipa, wakati huu acha tabia hiyo. Na wewe unayetafuna kucha au kung'ata kola ya jezi mechi ikiwa ngumu, neno hili linakuhusu pia.

Choo. Viwanja vingi vya mtaani havina choo. Watu hujificha nyuma ya ukuta au kwenye vichaka. Mvua ikinyesha, kinyesi kile kinasombwa hadi kisimani au kwenye bomba lililopasuka. Kabla mazoezi hayajaanza, kocha au kapteni aongee na shule, msikiti, kanisa au nyumba ya jirani ili timu iruhusiwe kutumia choo chao. Kama hakuna kabisa choo cha karibu, hameni. Mazoezi kwenye uwanja mbovu wenye choo ni bora kuliko uwanja mzuri usio nacho.

Kibuyu chirizi. Hapa ndipo mnapoweza kuonyesha ujanja wenu. Chukueni kidumu cha lita tano, mkitoboe tundu dogo karibu na mdomo. Kitundikeni kwenye mti mlalo unaoshikiliwa na miti miwili. Fungeni kamba kwenye kidumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, kidumu kinainama na maji yanachirizika. Hushiki kitu kwa mkono. Pembeni ning'inizeni kipande cha sabuni. Sabuni ikikosekana, majivu yanasaidia. Nawa kwa sekunde 20 hivi, katikati ya vidole na chini ya kucha. Nawa ukitoka chooni, kabla ya kula, na mazoezi yanapoanza na kumalizika.

Na ile desturi ya kupeana mikono kabla ya mechi? Mkono peke yake hauambukizi, ila mkono unaokwenda mdomoni ndio wenye hatari. Wakati wa mlipuko salimianeni kwa kupunga au kugonganisha viwiko. Hakuna atakayesema mmekosa adabu.

Mchezaji anayenyamaza

Sasa tuongee jambo ambalo ni gumu kuliko ndoo na sabuni.

Tuseme ni Alhamisi, siku mbili kabla ya fainali. Asubuhi umeharisha mara mbili, majimaji matupu. Tumbo haliumi sana. Unajua ukisema, kocha atampa namba yako yule kijana wa kidato cha pili ambaye amekuwa akiinyemelea tangu mwanzo wa muhula. Tena ni aibu. Nani anataka kuwaambia wenzake kwamba anaharisha? Utapewa jina la utani mpaka umalize shule. Basi unanyamaza, unakwenda mazoezini.

Kwa kufanya hivyo unawaweka wenzako hatarini, kwa sababu utatumia choo kilekile na vyombo vilevile. Na wewe mwenyewe unajiweka kwenye hatari kubwa zaidi. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa kwa kuharisha. Ukiongeza jasho la mazoezi, unavuja pande mbili. Mwili hauwezi kustahimili. Anayezidiwa namna hiyo bila matibabu anaweza kufa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo dawa ya ukimya si kumlaumu anayenyamaza. Dawa ni timu kufanya kusema kuwe rahisi. Kubalianeni mapema, kabla hajaugua mtu, mambo matatu. Kwanza, mchezaji anayesema ukweli hapotezi namba yake kwa sababu hiyo. Akipona, atapimwa kwa mchezo wake kama mwingine yeyote. Pili, mtu hatakiwi kutangaza mbele ya kundi zima. Anamwambia kocha au kapteni pembeni. Wasichana wa netiboli wachague dada mmoja ambaye wanaona ni rahisi kumweleza. Tatu, ni marufuku kumtania aliyeugua.

Maneno yenyewe si mengi:

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Vipi, mbona hujavaa?"

"Kocha, tumbo limenivuruga tangu asubuhi. Nimeharisha mara mbili, ni maji matupu."

"Umefanya vizuri kuniambia. Twende zahanati sasa hivi, tutampitia mama yako njiani. Namba yako ipo."

Dakika moja tu. Lakini dakika hiyo inaweza kuokoa maisha. Kama wewe ndiye kocha, au kaka na dada mkubwa unayefundisha watoto wa mtaani, jibu lako siku hiyo ndilo litakaloamua kama mtoto wa pili naye atasema au atanyamaza.

Mwenzenu akiugua uwanjani

Dalili za kipindupindu huanza saa chache hadi siku tano baada ya vimelea kuingia mwilini. Mgonjwa huharisha ghafla majimaji mengi yanayofanana na maji yaliyooshea mchele, na mara nyingi hutapika. Homa kwa kawaida haipo. Akipungukiwa maji, macho huingia ndani, mdomo hukauka, misuli hukaza, mkojo hupungua na nguvu humwishia. Msidhani ni uchovu wa mazoezi.

Fanyeni hivi:

Msimamishe mchezo wake na mumkalishe kivulini. Mpeni maji ya ORS mara moja, anywe kidogokidogo lakini mfululizo. Pakiti moja ya ORS kwa kawaida huchanganywa na lita moja ya maji salama. Someni maelekezo yake. Akitapika, subirini dakika kumi, muendelee polepole. Pakiti mbili tatu ziwekwe kwenye begi la timu pamoja na bandeji.

Kama ORS haipo, changanyeni lita moja ya maji salama na vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pimeni vizuri. Chumvi ikizidi ni hatari. Onjeni kwanza, yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Mpelekeni kituo cha afya au kambi ya wagonjwa wa kipindupindu upesi, huku akiendelea kunywa njiani. Msingoje mpaka mazoezi yaishe, wala msianze kutafuta vidonge dukani.

Aliyemsaidia anawe mikono kwa sabuni. Sehemu iliyochafuka izuiwe, mtu asipite, na mhudumu wa afya aelezwe ili aje aimwagie dawa.

Usidharau maji haya ya chumvi na sukari. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi waliokimbilia India. Maji ya dripu yaliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe kwa mdomo, na vifo vikapungua sana. Leo, mgonjwa wa kipindupindu akitibiwa mapema na vizuri, hatari ya kufa ni chini ya mmoja kati ya mia. Asipotibiwa, ugonjwa ukiwa mkali, karibu nusu wanaweza kufa. Tofauti ni kuwahi tu.

Aliyepona arudi mazoezini kwa ushauri wa mhudumu wa afya, akiwa ameanza kula vizuri na nguvu zimerudi. Kumbuka bado anaweza kutoa vimelea kwa siku kadhaa. Hakuna haja ya kumtenga. Chupa yake, choo na sabuni vinatosha.

Lini tusimame kabisa?

Kuna wakati jibu ni kusimama. Serikali au uongozi wa shule ukipiga marufuku mikusanyiko, tiini. Na hata pasipokuwa na marufuku, tofautisheni mazoezi na bonanza. Mazoezi ni watu 18 wanaofahamiana. Bonanza ni mamia ya watu kutoka kata mbalimbali, wauza vyakula kila kona na choo kimoja kilichojaa. Fainali inaweza kuahirishwa.

Tena, msitumie sheria za kipindupindu kwa kila ugonjwa. UVIKO-19 ulipita kwenye hewa, ndiyo maana mwezi Machi 2020 shule zilifungwa na michezo ikasimamishwa nchini Tanzania. Marburg, iliyotokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa. Hapo kugusana uwanjani kunakuwa jambo jingine kabisa. Swali la kwanza liwe lilelile la John Snow: ugonjwa huu unapita wapi? Muulizeni mhudumu wa afya wa kata yenu, au pigeni simu namba 199 ya Wizara ya Afya.

Mkisimamishwa, mwili usilale. Kuruka kamba, pushapu na kukimbia peke yako asubuhi vinatosha kukuweka sawa mpaka filimbi ilie tena.

Kweli au si kweli?

"Mazoezi makali yanatoa vimelea kwa njia ya jasho." Si kweli. Vimelea vya kipindupindu vinakaa kwenye utumbo.

"Maji yakionekana meupe na safi ni salama." Si kweli. Vimelea havionekani kwa macho.

"Mtu mwenye afya njema anaweza kuwa na vimelea." Kweli. Ndiyo maana kanuni ni za wote, si za wagonjwa tu.

"Kuna chanjo ya kipindupindu." Kweli, ni ya matone ya kunywa. Ikiletwa kwenu, nendeni. Lakini aliyechanjwa naye aendelee kunawa na kunywa maji salama.

"Kipindupindu ni ugonjwa wa watu wachafu." Si kweli, na ni maneno ya kuumiza. Ni ugonjwa wa mahali penye uhaba wa maji safi na vyoo. Nchini Tanzania, mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi na kuugua watu zaidi ya 20,000. Nchini Zambia, mwezi Januari 2024, uwanja wa taifa wa Heroes jijini Lusaka uligeuzwa kuwa kituo cha kutibu wagonjwa wa kipindupindu. Waliolazwa pale walikuwa watu kama wewe na mimi.

Kesho jioni

Kwa hiyo, mazoezi yaendelee au yasiendelee? Kama hayajapigwa marufuku, na kama mna maji salama, chupa kila mtu na yake, choo, sabuni, na timu ambayo mtu anaweza kusema "naumwa" bila kuchekwa, chezeni. Kimoja kikikosekana, kitafuteni kwanza, mpira utawasubiri.

Usingoje kocha. Kesho fika uwanjani mapema na chupa yako yenye namba ya jezi. Halafu kikombe kile cha juu ya ndoo, kiondoe.